Anayekwenda kwa Yatima Aanzie kwa Mlezi

Kila mwaka, shule zinapofungwa huko Ulaya na Marekani, wanandoa Wakristo kutoka Texas, Ohio, Yorkshire au Bavaria hufungasha mizigo kuja Afrika Mashariki kuwahudumia watoto yatima. Maandalizi yao yanajulikana. Kanisa lao huandaa chakula cha jioni cha kuchangisha nauli, daktari huwachoma chanjo na kuwaandikia dawa za malaria, mchungaji huwawekea mikono mbele ya waumini, na sanduku la pili hujazwa mipira, kalamu za rangi na fulana za watoto. Wengi wao wametoa likizo yao yote ya mwaka na sehemu nzuri ya akiba yao. Anayewacheka watu wa namna hii hajui gharama ya ukarimu. Hata hivyo, orodha yao ya maandalizi ina pengo moja, na pengo hilo ndilo linaloamua kama safari itamfaa mtoto au itamfaa msafiri peke yake. Orodha haiulizi ni nani aliyekuwa akimlea mtoto yule kabla hajaletwa kituoni, wala ni nani atakayebaki naye ndege ikishaondoka. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba anayetaka kumhudumia yatima hana budi kuanza na mlezi wake: mama mjane, bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wale. Safari inayomruka mlezi na kwenda moja kwa moja kwa mtoto, hata ikisindikizwa na maombi ya mkesha, mara nyingi humwacha mtoto na upungufu mkubwa kuliko ilivyomkuta.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wafadhili wengi hupotelea hapo. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140, kati yao milioni 52 wakiwa Afrika. Namba hiyo husomwa madhabahuni na kuandikwa kwenye vipeperushi, na msikilizaji huona mbele yake watoto milioni 140 wasio na mtu. Lakini waliokuwa wamefiwa na wazazi wote wawili ni milioni 15.1. Wengine wote, zaidi ya milioni 120, walikuwa na baba au mama aliye hai, na hata wale waliofiwa na wote kwa sehemu kubwa walikuwa wakiishi kwa ndugu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika vituo vya malezi duniani wana mzazi aliye hai. Basi ni kitu gani kinachowapeleka kule? Kwa kawaida ni ada, sare na madaftari, ni chakula, ni ugonjwa au ulemavu ambao familia haina uwezo wa kuuhudumia. Mama anayemwacha mwanawe kwenye geti la kituo huwa amepiga hesabu yake: ndani ya ukuta ule kuna shule ya Kiingereza, kuna nyama mara moja kwa wiki, kuna wafadhili. Nje kuna yeye na jembe lake. Ni hesabu ya mtu mwenye akili, na kosa la mfadhili ni kuisoma kama ushahidi kwamba mtoto hana mtu.

Kwa Mkristo jambo hili lina uzito wa pekee, maana Maandiko anayoyategemea yanamweka yatima mahali ambapo wasafiri wengi hawamtafuti. Yakobo, katika aya ya 27 ya sura yake ya kwanza, ambayo hunukuliwa karibu kila inapochangishwa fedha za yatima, anamtaja yatima pamoja na mjane. Wengi humsoma yatima na kumruka mjane, ingawa wawili hao mara nyingi wanaishi chini ya paa moja: kifo kilichomfanya yule mjane ndicho kilichomfanya huyu yatima. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inatoa utaratibu. Mwenye shamba anaagizwa asirudi kuchukua mganda aliousahau, asipige mizeituni mara ya pili, asiokote zabibu zilizobaki, ili mgeni, yatima na mjane wapate. Tazama jinsi msaada huo unavyofanya kazi. Mjane anakuja mwenyewe, anaokota kwa mikono yake, kisha anarudi kwake na kupika. Hakuna anayemchukua mtoto wake akale kwingine. Ruthu, aliyeokota masuke katika shamba la Boazi huko Bethlehemu, aliyapeleka kwa mama mkwe wake Naomi jioni ile ile. Mtu anaweza kubishana nami kuhusu namna ya kuitafsiri sheria ya kale ya wakulima wa Israeli, lakini ni vigumu kuusoma mkusanyiko wa aya hizi na kutoka na wazo la bweni.

Bweni lilitoka wapi basi? Kwetu pwani lina historia yenye heshima, na haki inataka ielezwe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja kwenda Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliowakusanya walikuwa wamekombolewa kutoka katika biashara ya utumwa. Walikuwa wametekwa mamia ya kilomita bara, wengine hawakumbuki jina la kijiji chao. Ndivyo ilivyokuwa pia Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Watoto wale kweli hawakuwa na mlango wa kurudi. Huko Uingereza nako, George Müller na mkewe Mary walifungua nyumba yao ya kwanza ya yatima katika mtaa wa Wilson, Bristol, mwaka 1836, wakati ambapo mbadala wa mtoto maskini asiye na wazazi ulikuwa nyumba ya kazi ya umaskini au barabara. Kufikia kifo chake mwaka 1898, Müller alikuwa amewalea yatima zaidi ya 10,000. Wanandoa hao bado ndio mfano unaotajwa kwenye mahubiri, na wanastahili. Kinachosahaulika ni mwisho wa hadithi: majengo makubwa ya Ashley Down yaliuzwa mwaka 1958, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wameacha kuwalea watoto kwa mamia chini ya paa moja. Leo mtoto wa Bristol au wa Ohio anayefiwa na wazazi hupelekwa kwa ndugu au kwa familia ya malezi. Ni jambo la kushangaza kidogo, nikisema kwa upole, kwamba waumini wa miji hiyo bado wanachangia kujenga Afrika kile ambacho wasingekikubali kwa watoto wa mtaa wao.

Sababu ya nchi hizo kuacha mabweni haikuwa mtindo wa nyakati tu. Mwaka 1951 daktari wa Kiingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyoonyesha madhara ya kumlea mtoto mdogo bila mtu mmoja wa kudumu aliye wake. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja baadaye kutoka Romania. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya kituo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science yalionyesha kwamba waliopata familia walikuwa na akili nyepesi zaidi, na kwamba waliotolewa kituoni kabla ya umri wa miaka miwili walinufaika kuliko waliochelewa. Mtoto mchanga hujifunza dunia kupitia uso mmoja anaouzoea. Akilia mara mia na kunyanyuliwa na mikono ishirini tofauti, hajui amtegemee nani. Na hapo ndipo safari ya wiki mbili inapoingia. Watafiti Linda Richter na Amy Norman, walioandika mwaka 2010 kuhusu utalii wa yatima kusini mwa Afrika, walionya kwamba wageni wanaokuja kwa zamu, kila mmoja akimbeba mtoto, akimwimbia na kumpa jina la utani, kisha akaondoka, humrudisha mtoto yule yule kwenye msiba wa kuachwa tena na tena. Mtoto anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumkumbatia kiunoni hufurahisha sana katika picha. Wataalamu wa malezi huiona tabia hiyo kama dalili, kwa sababu mtoto mwenye mtu wake hujificha kwanza nyuma ya nguo ya mama.

Hapa msomaji makini ataniuliza kuhusu utafiti ambao wenye vituo huutaja, na ana haki. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Tanzania. Karibu nusu waliishi vituoni, na waliobaki walikuwa yatima au watoto walioachwa waliokuwa wakilelewa katika jamii. Watoto wa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa majumbani, na katika baadhi ya vipimo vya afya na akili walikuwa afadhali. Utafiti huu si wa kupuuzwa, na wanaotetea familia kwa maneno matamu peke yake wangefaa kuusoma. Unakataza kusema kwamba kila kituo ni gereza. Unakataza pia kudhani kwamba kila nyumba ya shangazi ni pepo, maana wako yatima wanaofanywa watumishi, wanaolala njaa, wanaopigwa. Lakini angalia ulilinganisha nini na nini. Haukuwagusa watoto wachanga, ambao ndio Bucharest iliwahusu. Na upande mmoja wa mizani kulikuwa na vituo vyenye wafadhili, upande wa pili kaya maskini ambazo nyingi hazikuwa na mfadhili yeyote. Kama mtoto wa nyumba isiyopewa chochote anakaribiana na mtoto wa kituo kinachopewa kila kitu, swali linalofuata ni angekuwaje nyumba ile ingepewa japo sehemu ndogo.

Jibu la swali hilo halihitaji kukisiwa. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza kwa majaribio, katika kaya 500 za Nairobi, Kwale na Garissa, kuwapa fedha taslimu walezi wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Mpango ulikua, na kiwango kikafika shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Tathmini zilionyesha kwamba watoto wa kaya hizo waliandikishwa sekondari kwa wingi zaidi, na vijana wao walichelewa kuanza ngono kuliko wenzao wa kaya zisizokuwa katika mpango. Sasa tuweke nauli ya wanandoa wetu kando ya hesabu hiyo. Tikiti mbili za kwenda na kurudi kutoka katikati ya Marekani hadi Nairobi au Kilimanjaro kwa kawaida huzidi dola 2,000. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 za Kenya kwa dola, hizo ni shilingi 260,000, yaani posho ya mlezi mmoja kwa miezi 130, karibu miaka 11. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza angekaribia kumaliza shule ya sekondari kwa nauli ya watu waliokuja kumtembelea kwa siku kumi na nne. Sisemi kila nauli igeuzwe posho. Binadamu hatembeleani kwa hesabu za duka, na kanisa lisilosafiri lisingefika hata huku. Nasema anayeomba mchango wa safari kwa jina la yatima anapaswa kuijua hesabu hii, na kuwa na jibu.

Fedha zina tabia nyingine ambayo wenye nia njema hawaitarajii: huvuta watoto. Kituo kinachopata wageni na michango kulingana na idadi ya vitanda vilivyojaa kina sababu ya kuvijaza. Baada ya tetemeko la Januari 2010 huko Haiti, kikundi cha Wamarekani, wengi wao waumini wa Kibaptisti kutoka Idaho, kilikamatwa mpakani kikiwa na watoto 33 kilichotaka kuwavusha kwenda Jamhuri ya Dominika, kwenye kituo kilichokuwa bado hakijajengwa. Ikabainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na mzazi aliye hai, na wazazi walikuwa wameahidiwa shule. Wamarekani hao hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa maombi ambao hawakuuliza swali moja. Mwaka 2018 Australia ilipotunga sheria yake ya kupambana na utumwa wa kisasa, mjadala wa bunge lake ulilitaja waziwazi suala la watoto kusafirishwa kuingizwa vituoni ili kuvutia michango, na Kenya ilikuwa imeshasimamisha usajili wa vituo vipya tangu mwaka 2017. Utafiti wa shirika la Barna wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba Wakristo wa Marekani hutoa zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka kwa vituo vya malezi duniani. Mto wa fedha wa ukubwa huo hauwezi kupita katika nchi maskini bila kubadilisha mahali watu wanapowaweka watoto wao.

Atakaye kuona huduma ya yatima iliyofaulu kuliko zote katika kizazi hiki asitafute jengo. Aende Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata migomba ya Wahaya ilizungukwa na makaburi ya watu wa umri wa kuzaa. Waliobeba watoto walikuwa mabibi, wengi wakiwa wamekwisha kuzika wana wao wanne au watano. Hakuna idadi ya vituo ambayo ingetosha. Kilichopunguza mmiminiko wa yatima hatimaye kilikuwa dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa katika huduma za umma nchini mwaka 2004, kwa msaada mkubwa wa nje, ukiwemo mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka uliotangulia. Kidonge kilimwacha mama hai, na mama akafanya yaliyobaki. Ndivyo ilivyo pia kwa uzazi. Takwimu rasmi za Tanzania zinaonyesha vifo vya wajawazito vikishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Kila mama aliyevuka salama ni mtoto mchanga ambaye hakuletwa kituoni akiwa amefungwa kanga na shangazi asiye na maziwa. Mkunga aliye zamu usiku katika zahanati ya kijijini anawahudumia yatima kwa kuwazuia wasiwe yatima, ingawa hajawahi kupigwa picha na mfadhili.

Nakubali kwamba hoja yangu ina mpaka. Wako watoto wasio na mtu kabisa: waliookotwa, waliotoroka ukatili wa nyumbani, ambao ndugu zao wakitafutwa hawapatikani au wakipatikana hawafai. Kwao kusema "familia kwanza" bila kuonyesha familia ni kuwazungusha. Lakini hata hapo bweni si jibu la pekee. Rwanda ilipoorodhesha vituo vyake mwaka 2012 ilikuta watoto 3,323 katika vituo 33, na mwaka uliofuata ikaanzisha mpango wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Miongoni mwao walikuwepo yatima halisi, katika nchi ambayo mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa yamefuta koo nzima. Wasiokuwa na ndugu walitafutiwa walezi wa kujitolea, wanaoitwa kule "malayika murinzi", malaika mlinzi, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya watoto wale walikuwa wamepata nyumba. Tanzania ina utaratibu wa walezi wa kuaminika, wanaochunguzwa na Afisa Ustawi wa Jamii na kukabidhiwa mtoto kwa muda. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inatambua malezi ya kambo, kuasili na kafala kwa Waislamu, na kukiweka kituo mwisho wa foleni. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 unasema hivyo hivyo. Kituo kidogo, cha muda, chenye mpango wa maandishi wa kumtoa kila mtoto, bado kina kazi yake. Kinachokosa uhalali ni kituo ambacho mtoto huingia akiwa na miaka mitatu na kutoka akiwa na kumi na minane, hajui hata njia ya kwenda kwao.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la wale wasemao kwamba mtu asipoona hatatoa: mwondolee Mzungu nafasi ya kumbeba mtoto, naye atabaki kwao na fedha zake, na mjane hatapata chochote. Kuna ukweli ndani yake. Moyo wa binadamu huguswa na uso kuliko na jedwali la hesabu, na wapo watu waliotembelea kituo mara moja wakaja kuwasomesha watoto hadi chuo. Ila tukilikubali pingamizi hili lilivyo tumekubali kwamba mtoto ndiye chombo cha kumfundisha mgeni huruma, na kwamba malipo ya masomo hayo yatoke katika utulivu wa mtoto. Hakuna mzazi wa Ohio ambaye angeruhusu kikundi cha wageni wenye kamera kiingie chumba cha kulala cha wanawe ili kiguswe. Zaidi ya hayo, nani alisema kwamba uso unaogusa moyo lazima uwe wa mtoto? Mjane anayeuza mboga ili watoto watano wasome ana uso, ana maneno, na ana uwezo wa kumjibu mgeni anayemuuliza, na hata wa kumkatalia. Mazungumzo ya watu wazima wawili yana heshima ambayo peremende iliyogawiwa kwenye foleni haina.

Basi wanandoa wanaojiandaa wafanye nini, ikiwa wameshaitwa na hawataki kubaki? Kwanza wapate barua ya mwaliko kutoka kwa kanisa linalowahudumia walezi: vikundi vya wajane vya kuweka na kukopa, mama wa shule ya awali, wauguzi wa kliniki ya wajawazito, watu wazima watakaobaki. Mke akiwa muuguzi wa watoto, wiki tatu za kukaa na wauguzi wa hospitali ya wilaya zitazaa kuliko wiki tatu za kuwaogesha watoto wanaoogeshwa vizuri na mama walezi waliopo. Mume akiwa mhasibu, dayosisi nyingi zina vitabu vya hesabu vinavyomlilia. Wasio na ujuzi unaohitajika wakubali kwamba hawana, kama ambavyo wasingeomba kujitolea katika hospitali ya kwao bila vyeti. Waombe kibali kinachostahili, ambacho Tanzania ni cha ukaazi daraja C kwa wamisionari na wanaojitolea, wasijifiche nyuma ya viza ya utalii. Wapeleke cheti cha polisi cha tabia njema bila kusubiri kuombwa, na wakiona mwenyeji hakiulizi, waingiwe na wasiwasi. Hili si la kuwadhania watu ubaya. Mwaka 2015 mahakama ya shirikisho mjini Oklahoma ilimtia hatiani kijana wa Kimarekani aliyewadhalilisha kingono watoto wa kituo kimoja karibu na Nairobi alikokwenda kujitolea, na alikuwa amepokewa kama wanavyopokewa wote, kwa nyimbo. Kuhusu picha za watoto kwenye mitandao, wangetumia kipimo wanachokitumia kwa watoto wao.

Mzigo mwingine uko kwetu wenyeji, na tunapenda kuusahau. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na makanisa yetu mengi yamepona kwa wageni hawa: paa la mabati, gari la parokia, mishahara ya wapishi na walinzi. Mchungaji anayemwandikia mfadhili kwamba ana yatima 60, akijua kwamba 45 kati yao wana mama zao ng'ambo ya bonde, hawezi kumtupia mgeni lawama yote. Na hatusubiri Wazungu. Kila Krismasi na kila Idi vikundi vya kwaya, vyama vya wafanyakazi na maharusi wapya hupakia magunia ya mchele, mafuta ya kupikia na sabuni, huenda kituoni, hupiga picha na viongozi wa kituo, hurudi. Ndani ya jumuiya ndogo ndogo za watu hao hao kuna mjane ambaye mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi miwili, na mwanawe yuko hatarini kuwa mgeni wa mwaka ujao wa kituo kile kile.

Wala haifuati kwamba vituo vilivyopo vikatiwe fedha kesho asubuhi, kwani watakaoumia kwanza ni watoto waliomo. Mfadhili wa muda mrefu ana nguvu ya kuomba kitu kingine: orodha ya watoto pamoja na majina ya ndugu zao na mahali walipo, afisa ustawi aliyeajiriwa kuwatafuta na kuwatembelea, bajeti ya kumfuata mtoto nyumbani kwa miaka miwili au mitatu baada ya kurudi, na ada inayolipwa shuleni bila kumlazimu kuishi bwenini. Majengo hayapotei. Jikoni, madarasa na bwalo vinaweza kuwa shule ya awali, kituo cha mchana cha watoto wenye ulemavu, au kliniki, na mama walezi waliokuwa wakilipwa kulala na watoto wa wenzao wanaweza kulipwa kufundisha na kupika mchana, jioni wakarudi kwa watoto wao. Gharama ya kipindi cha mpito ni kubwa, kwa sababu kwa muda kituo na familia vyote vinahitaji fedha kwa pamoja, na ni wakati huo hasa ambapo vituo vingi hukosa mtu wa kuvishika mkono. Wanandoa waliokuwa wamepanga kuja mara tano katika miaka mitano, wakija mara moja na kuzielekeza safari nne zilizobaki huko, watakuwa wamelipa sehemu ya mshahara wa afisa anayezunguka na pikipiki kutafuta mabibi.